Goti Langu na Nnalongo

Goti langu la kushoto lina akili zake. Mvua ikiwa bado iko Entebbe, lenyewe limeshaniambia. Nikikaa sana linalalamika, nikisimama sana linalalamika, nikipanda ngazi linanung'unika, na kushuka ndiyo kabisa. Nimelizoea, tunaishi pamoja kama wapangaji wawili wasiopendana sana. Ila kuna jambo moja halikubali mpaka leo, nalo ni mimi kupiga magoti. Jambo hilo moja karibu linikoseshe mume, na nitawaeleza yote, hata yale yanayoniaibisha.

Mimi ni Safinah. Sisi ni Wanubi wa Bwaise. Babu alikuja Uganda akiwa askari wa Waingereza, baba akawa dereva wa lori, na mimi nikaingia polisi mwaka wa sabini na mbili kwa sababu ya mpira. Si mpira wa miguu, ni netiboli. Nilikuwa senta wa timu yetu, na sijisifu, muulize mtu yeyote aliyekuwa uwanjani siku zile. Kama hakumbuki jina langu, basi hakuwa uwanjani.

Mwaka wa sabini na nne tulicheza na timu ya walimu. Niliruka kudaka mpira, nikatua kwa mguu mmoja. Mwili ukageuka kulia, goti likabaki palepale. Nilisikia mlio ndani yake, pwa, kama kuni kavu inavunjwa, na nikajikuta chini nimekumbatia mguu huku mwalimu mmoja anachukua mpira wangu na kwenda nao. Jambo la mpira kuchukuliwa ndilo lililoniuma kwanza. Maumivu ya goti yalikuja baadaye, na hayajaondoka.

Katika hospitali kubwa nilimkuta daktari mmoja mrefu wa kigeni. Akanichorea goti kwenye karatasi. Akasema kano la ndani, lile linalofunga mfupa wa paja na mfupa wa muundi, limekatika kabisa. Atakata kipande cha kano jingine, lile la mbele lililo chini ya pia ya goti, akipitishe ndani kifanye kazi ya lile lililokufa.

Nikamwambia, "Yaani unang'oa ubao wa mlango wa mbele ukazibe wa nyuma."

Alicheka sana. Halafu akasema maneno ambayo sikuyatilia maanani. "Goti halitayumba tena. Lakini hapa mbele nitakapokata, ukipiga magoti patakuuma. Pengine mwaka mmoja, pengine siku zote." Mimi nilikuwa nauliza nitacheza lini. Nani alikuwa na habari ya kupiga magoti?

Nikakaa kwenye plasta majuma mengi, halafu kwenye magongo. Muuguzi mmoja, Sista Aber, alinifunga kifuko cha mchanga kwenye kifundo cha mguu na kuniamuru niinue, nishushe, niinue, nishushe, mpaka nikamchukia kuliko yule mwalimu aliyechukua mpira. Niliporudi kuonyesha goti, nikaambiwa daktari ameshaondoka nchini. Siku zile za utawala wa kijeshi watu wengi walikuwa wanaondoka. Sista Aber akalikunja goti, akalinyoosha, akaligonga hapa na pale. Likawa imara kama nguzo.

"Limepona," akasema.

"Mbona linauma?"

"Goti limepona, Safinah. Maumivu ndiyo hayajaambiwa."

Wakati huo nilikuwa nimechumbiwa na kijana mmoja dereva, anaitwa Sebit. Alikuja hospitali mara moja na machungwa sita. Akaitazama plasta, akayatazama magongo, akauliza kama nitaweza kuchota maji. Sikumwona tena. Kabla sijatupa magongo alishaoa mwingine huko Bombo. Nililia siku mbili, nikala machungwa yake yote, nikaapa kwamba hakuna mwanamume mwingine wala ndugu zake watakaojua habari za goti langu. Nilijifunza kutembea bila kuchechemea, hata linapowaka moto.

Kazini waliniweka mezani, kuandika taarifa za watu walioibiwa. Hapo ndipo alipotokea Abubaker. Ni Muganda, Mwislamu mwenzetu, anauza vitambaa sokoni Kikuubo. Alikuja kuripoti kuibiwa baiskeli. Juma lililofuata akaja tena kuripoti baiskeli. La tatu, baiskeli ileile. Nikamwuliza ni ya rangi gani, akasema nyeusi. Nikamwonyesha nilipoandika kijani kwa maneno yake mwenyewe. Akakuna kichwa, akaniambia nimependeza. Mpaka leo baiskeli hiyo sijaiona, na nadhani hakuna binadamu aliyewahi kuiona.

Huyu nilimwambia habari ya goti, kwa sababu alinikuta siku moja nimekaa ngazini nikilisugua huku machozi yananitoka. Hakukimbia. Aliniletea mafuta ya karafuu. Lakini nilimwapisha asimwambie mtu, na hasa mama yake.

Mama yake tunamwita Nnalongo, jina la heshima ambalo Baganda humpa mwanamke aliyezaa mapacha. Pacha wa Abubaker alikufa kwa surua, na mume alikufa baadaye, kwa hiyo Abubaker ndiye mtoto wake pekee. Alikuwa anaishi Kyebando, katika nyumba ndogo safi ambayo sakafu yake ungeweza kulia chakula.

Sasa, kwa Baganda mwanamke hamsalimu mkubwa wake akiwa amesimama kama mlingoti. Anapiga magoti. Na salamu zenyewe si za haraka. Umeshindaje, nimeshinda salama, na wewe, na mimi, watu wa nyumbani, wako salama, mmm, eee, mmm, mpaka wote wawili waishiwe. Nimezaliwa Bwaise, nayajua hayo, na Kiganda nakiongea bila kigugumizi. Hata kwetu binti humshukia mkubwa. Nilijua kabisa ninachotakiwa kufanya.

Mara ya kwanza nilikwenda na kilo mbili za sukari. Mtu aliyeishi Kampala miaka ile anajua sukari ilivyokuwa adimu. Nnalongo alikuwa amekaa kwenye mkeka akimenya karanga. Nikaingia, nikainama kiuno kama mtu anayetafuta shilingi chini, nikamsalimu. Alinitazama, akaitazama sukari, akaitikia kwa sauti ndogo. Nilikaa kwenye kiti robo saa. Juu ya kabati niliona kiatu kimoja cheusi cha kiume, kimepakwa rangi kikang'aa, mwenzake hayupo. Sikuuliza.

Mara ya pili wakati wa sala ya alasiri ulifika tukiwa hapo. Nnalongo akatandika mikeka miwili ya kusalia. Mimi nikaomba kiti. Mwenyezi Mungu alishanisamehe siku nyingi, nasujudu nikiwa nimekaa, na sheikh wetu wa Bwaise anajua sababu. Nnalongo hakuijua. Alimaliza kusali, akakunja mikeka yote miwili. Jioni akamwambia mwanawe, "Mtu mwenye afya, ametembea mwenyewe toka Barabara ya Bombo mpaka hapa, hata Mungu hamshukii. Mimi atanifanya nini?"

Abubaker alinieleza hayo Jumatatu, ndoa ikiwa Jumamosi. Tulikuwa nje ya kituo, jua kali, na yeye anatoka jasho kuliko jua.

"Mama amekuita Alhamisi," akasema. "Anataka kukuona kwa mara ya mwisho kabla ya kusema neno lake. Akikataa, Safinah, siwezi kwenda msikitini huku mama yangu anakaa nyumbani analia. Sina mama mwingine."

"Kwa hiyo ndoa yangu imetundikwa kwenye goti."

"Niruhusu nimwambie."

"Ukimwambia, nitahakikisha unaibiwa baiskeli kweli."

Hakucheka. Nikajua mambo yamefika pabaya. Nilikuwa nampenda mtu huyu mpaka nikawa nachukia kulisema. Nikamwambia asihofu, Alhamisi nitapiga magoti kama mwanamke mwingine yeyote.

Jumanne nikajaribu nyumbani, juu ya godoro. Nilishusha goti la kulia, likakubali. Nikashusha la kushoto. Jamani, mahali pale chini ya pia ni kama umepigia goti kokoto, na kokoto lenyewe limetoka motoni. Nilihesabu pumzi tano, nikaanguka ubavu. Mama yangu, Kulusum, alikuwa mlangoni na sufuria mkononi.

"Mwambie mkweo ukweli," akasema. "Mwanamke mtu mzima yule, atakuelewa."

"Sebit naye aliuona ukweli, mama. Yuko wapi?"

"Sebit ni Sebit."

"Na watu ni watu," nikamjibu, nikarudi godoroni. Mpaka Jumatano usiku nilikuwa nimefika pumzi tisa.

Alhamisi kituoni walinichelewesha. Sikupata nafasi ya kwenda Bwaise kubadili nguo, na kuchelewa kufika kwa mkwe ni kosa jingine, kwa hiyo nilikwenda moja kwa moja nikiwa na sare: sketi ya kaki, shati, mkanda, kofia mkononi, viatu vinang'aa. Mawingu yalikuwa yameshuka na goti lilikuwa limeanza kuimba tangu saa nne. Njia nzima nilikuwa najifunza salamu na pumzi. Tisa zinatosha, nikajiambia. Nitazungumza haraka.

Niliposogea mlangoni nikapiga hodi na kuingia. Nnalongo alikuwa peke yake mkekani, na ungo wake wa karanga. Aliinua uso, akaiona sare. Mimi nikaanza kukusanya nguvu za kushuka.

Yeye akashuka kabla yangu. Alisukuma ungo pembeni, karanga zikatawanyika sakafuni, akapiga magoti mbele yangu. Mama mzima, mvi kichwani, akaweka mikono miwili juu ya mapaja na kuinamisha kichwa. Halafu akaongea Kiswahili. Siku zote nilizomjua alikuwa hajawahi kutamka neno moja la Kiswahili. Kwake ilikuwa lugha ya vizuizini: simama, fungua, kitambulisho.

"Afande," akasema. "Mimi naomba wewe. Oa yeye, mimi hapana kataa. Lakini hapana chukua yeye. Mtoto moja tu iko."

Nilibaki nimesimama. Nikainua macho, nikakiona kile kiatu juu ya kabati. Hapo akili ikafunguka. Abubaker aliwahi kunieleza kwa mkato kwamba mjomba wake mwalimu alichukuliwa mchana, akiburutwa na watu waliokuja na gari lisilo na namba, na hakurudi. Kumbe kiatu kilimtoka mguuni hapo hapo mlangoni. Mwanamke huyu alikuwa anakipaka rangi.

Na mimi nimeingia kwake mara tatu. Mnubi kama askari wengi wa serikali ile, polisi, na sukari ambayo haipatikani, sishuki kwa mtu wala kwa Mungu, nakaa juu ya kiti kama mkuu wa wilaya. Nilikuwa nimekasirika siku zote hizo kwamba ananidharau. Kumbe alikuwa ananiogopa. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona maishani, hata siku ya Sebit.

Nikatupa kofia, nikashuka. La kulia kwanza, halafu la kushoto, juu ya simenti, na nadhani juu ya karanga pia. Sikuhesabu pumzi. Tukawa uso kwa uso, magoti kwa magoti.

"Mama, usinipigie magoti," nikasema kwa Kiganda. "Nakuomba. Mimi ndiye natakiwa. Umeshindaje, mama?" Sikufika mbali. Maumivu yalinipanda mpaka kwenye meno, machozi yakamwagika yenyewe.

Nnalongo aliinua kichwa. Alinitazama usoni, akaona jasho. Mwanamke aliyelea watoto anajua kilio cha maumivu na kilio cha maneno.

"Una nini?" akauliza, kwa Kiganda sasa.

"Goti."

"Goti gani?"

Nikajitupa ubavu, nikanyoosha mguu, nikavuta sketi juu. Kovu langu lina urefu wa shubiri na linapita katikati kabisa. Akalitazama. Akatia kidole, akalifuata taratibu toka juu mpaka chini.

"Nani amekukata hivi?" Sauti yake ilikuwa imebadilika, na niliona anawaza watu wa gari.

"Daktari, mama. Ni mpira."

Nikamweleza yote: mwalimu aliyechukua mpira wangu, ubao wa mlango wa mbele, kifuko cha mchanga, machungwa sita. Nilimweleza kwamba Mungu ananiruhusu kiti. Nilimweleza pumzi tisa za juu ya godoro. Alisikiliza na kuitikia mmm, eee, mmm.

"Huyo Sebit ni mpumbavu," akasema mwishoni. "Na wewe pia. Mama yangu mzazi magoti yalimfa akiwa na miaka arobaini. Alikuwa anakaa mkekani, ananyoosha miguu yote miwili mbele, anasalimu watu mpaka wachoke. Nani aliwahi kumlaumu? Ungesema neno moja, ningekutandikia mkeka."

"Niliogopa utasema mwanao ameletewa mbovu."

"Na mimi niliogopa." Alitazama kabatini, akarudisha macho. "Ile sukari uliitoa wapi?"

"Nilipanga foleni, mama. Tangu alfajiri mpaka adhuhuri, nimesimama na goti hilihili."

Akafunika mdomo kwa kiganja. "Sikuinywa," akasema. "Nilidhani ni ya mtu aliyechukuliwa."

Halafu akanifuta uso kwa ncha ya nguo yake, kwa nguvu, kama anafuta meza. Akasema tunyanyuke, sakafu ni baridi. Akaweka mkono chini kujisukuma, akarudi. Akajaribu tena, akarudi. Miguu ilikuwa imemfa ganzi. Mimi nikasema nitamvuta, nikainuka nusu, goti likakataa, nikaanguka kwa makalio juu ya karanga. Nnalongo akaanza kucheka. Sikujua mwanamke yule anacheka namna hiyo, mabega yote yanaruka. Nikamtazama, na mimi nikashindwa kujizuia.

Aliuburuta mkeka mpaka tulipo, tukajipandisha juu yake kwa makalio, nikanyoosha mguu wangu na yeye akanyoosha yake. Akatengeneza nguo, akakohoa kidogo, uso ukarudi wa heshima.

"Sasa nisalimu," akasema.

"Umeshindaje, mama?"

"Mmm. Nimeshinda salama. Umeshindaje, mwanangu?"

"Eee. Salama, mama. Habari za hapa?"

"Nzuri. Habari za Bwaise? Mama yako Kulusum hajambo?"

Tulikuwa tumefika hapo kwenye salamu, Abubaker akaingia mbio, maana alikuwa amejificha kwa jirani na alikuwa amesikia sauti. Akaona kofia ya polisi imetupwa mlangoni, karanga nyumba nzima, mama yake na mimi chini, macho mekundu, sketi yangu juu ya goti. Rangi ikamtoka.

"Kuna nini?" akauliza. "Nani amekufa?"

"Toka nje," Nnalongo akamwambia. "Hatujamaliza kusalimiana."

Abubaker akageuka kutoka, hajui aende wapi. Alipofika mlangoni mama yake akamwita.

"Bandika maji ya chai. Sukari iko chini ya kitanda changu, ile aliyoniletea mkwe wangu."